Machi, Aprili au Mei? Kuchagua mwezi wa machipuko kwa safari ya miji ya Ulaya

Mtu akiniuliza kati ya Machi, Aprili na Mei ni mwezi upi mzuri wa kutembelea miji ya Ulaya, swali langu la kwanza ni: mji gani? Machi ya Sevilla na Machi ya Berlin hazina undugu. Kule kusini mwa Hispania mchana watu wanakula nje kwa shati la mikono mifupi. Berlin miti bado mitupu na upepo unauma masikio. Kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 2,000, na machipuko hayaingii Ulaya nzima siku moja. Huanzia kusini yakapanda kaskazini wiki baada ya wiki, na anayepanga safari vizuri huyafuata: Machi kusini, Aprili katikati, Mei kaskazini.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili lina uzito wake, kwa sababu miezi hiyo ndiyo ya masika. Waongoza watalii wa Arusha na wafanyakazi wa hoteli za Zanzibar wengi wanapata nafasi ya kupumzika Aprili na Mei, kambi na hoteli nyingi zikiwa zimefungwa. Kenya nayo shule hufungwa Aprili. Kwa hiyo wengi wanaosafiri wakati huu hawakuchagua majira, kazi imewachagulia. Kilichobaki mikononi mwao ni wiki na mji.

Joto na mvua

Hivi ni vipimo vya mchana, wastani wa miaka mingi kwa nyuzi za selsiasi:

| Mji | Machi | Aprili | Mei |
|---|---|---|---|
| Sevilla | 22 | 24 | 28 |
| Roma | 16 | 19 | 24 |
| Paris | 13 | 17 | 20 |
| Berlin | 9 | 15 | 20 |
| Amsterdam | 10 | 14 | 18 |

Ili namba hizi ziseme kitu, kumbuka Nairobi ya Julai. Mchana hufika nyuzi 21 au 22 hivi, na watu wanatembea na masweta. Basi Mei ya Paris ndiyo hiyo, tena imepungua kidogo. Amsterdam ya Machi haifiki hata nusu ya hapo, na hizo ni saa za mchana. Asubuhi na usiku zinashuka zaidi. Msafiri anayetoka Dar es Salaam au Mombasa asiangalie namba ya mchana peke yake. Atatoka hotelini saa mbili asubuhi, na hapo ndipo atakapojua kama koti alilobeba linatosha.

Mvua ni jambo ambalo watu wetu wanalihofia kuliko inavyostahili. Paris, Mei hunyesha zaidi kuliko Machi na Aprili, takriban milimita 70 kwa mwezi mzima. Dar es Salaam mwezi wa Aprili hupata zaidi ya milimita 200. Mvua ya Paris mara nyingi ni manyunyu ya nusu saa, unaingia mgahawani, unakunywa kahawa, unatoka barabara ikiwa inakauka. Uholanzi kwa wastani Aprili ndiyo yenye mvua kidogo kuliko miezi yote ya mwaka. Beba mwavuli mdogo, lakini usiache kwenda kwa ajili ya mvua.

Mwanga

Wengi huuliza habari za baridi wakasahau mwanga, na mimi mwanga nauweka mbele. Kwetu jua linazama karibu wakati uleule mwaka mzima. Magharibi ikipishana haifiki saa moja. Ulaya katika miezi hii mitatu siku inarefuka mbele ya macho yako.

Chukua Paris. Tarehe 1 Machi jua linachomoza karibu saa 1:35 asubuhi na kuzama saa 12:35 jioni, si mbali sana na ratiba ya kwetu. Katikati ya Aprili linazama karibu saa 2:40 usiku. Tarehe 20 Mei linazama karibu saa 3:30 usiku. Maana yake ni kwamba mtu wa Mei, akishatoka makumbusho saa kumi na mbili, bado ana saa tatu na ushei za kutembea kando ya mto Seine kweupe. Mtu wa mwanzo wa Machi saa hiyo anarudi hotelini. Kama umelipia safari ya siku nne au tano tu, tofauti hiyo ni kama kuongezewa siku nzima bila kulipa.

Saa nzima ya mruko huo inatokea usiku mmoja. Jumapili ya mwisho ya Machi nchi za Umoja wa Ulaya, na Uingereza pia, husogeza saa mbele kwa saa moja. Kabla ya hapo Nairobi na Dar ziko mbele ya Paris kwa saa mbili. Baada yake ni saa moja tu. Ukiwa safarini usiku huo, angalia vizuri muda wa treni na ndege ya asubuhi.

Kwa Waislamu mwanga huu una hesabu yake. Magharibi ya saa tatu na nusu usiku maana yake isha inachelewa sana, na alfajiri inawahi sana. Stockholm mwishoni mwa Mei jua linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Si kizuizi, ila anayesafiri na wazazi au watoto apange usingizi wa mchana. Na angalia kalenda kabla ya kukata tiketi: mwaka 2027 Idi el-Fitri inatarajiwa karibu tarehe 10 Machi na Idi el-Hajj karibu tarehe 16 Mei, kwa mwandamo wa mwezi.

Machi: nenda kusini, usibahatishe

Machi ina sifa mbaya isiyo haki, kwa sababu wengi wanaopimia wako kaskazini. Mtu anafika Amsterdam tarehe 5 Machi, anakuta mawingu ya kijivu na upepo wa kwenye mifereji, anarudi akisema Ulaya haina machipuko. Angeshuka Sevilla angesema mengine.

Barabara za Sevilla zimepandwa midanzi, ile michungwa ya matunda makali ambayo pwani yetu inaijua, na kwa kawaida maua yake hufunguka Machi. Ni maua madogo meupe, manene kidogo kwenye ncha, na harufu yake unaipata kabla hujaona mti wenyewe: unakata kona ya kichochoro na imeshafika. Mitini bado yananing'inia baadhi ya madanzi ya msimu uliopita, kwa hiyo unaona chungwa na ua kwenye tawi moja. Foleni za jumba la Alcázar bado zinavumilika, na jua halijawa adui. Mwishoni mwa Mei mji huohuo unaweza kupita nyuzi 35, na kutembea saa nane mchana kunakuwa adhabu.

Valencia, kuanzia tarehe 15 hadi 19 Machi, kuna Las Fallas. Mji unajengwa masanamu makubwa, mengine yanafika ghorofa kadhaa, na usiku wa tarehe 19 yanachomwa moto barabarani huku zimamoto wakimwagia maji majengo ya jirani. UNESCO iliiorodhesha sherehe hiyo mwaka 2016. Ni kelele tupu, fataki mchana na usiku, kwa hiyo sishauri umpeleke mtoto mchanga au mzee mwenye presha. Kwa kijana ni safari ya kukumbukwa.

Roma na Athens za Machi ni nzuri kwa anayependa magofu kuliko kuota jua. Koti jepesi, viatu vya kutembelea, basi.

Kuna kundi moja ambalo haliwezi kukwepa Machi ya kaskazini: watu wa utalii kutoka Arusha, Moshi, Nairobi na Zanzibar wanaokwenda maonyesho ya biashara ya utalii ya ITB Berlin mwanzoni mwa mwezi. Kwao nasema hivi: viza ya Schengen, ile moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya, unayo, nauli kubwa umeshalipa. Ukitaka siku chache za kutembea baada ya kazi, usizimalizie Berlin. Panda ndege ya ndani ya Ulaya ushuke Hispania au Ureno. Berlin irudie siku nyingine mwishoni mwa Aprili, wakati miti ya cheri iliyopandwa mahali palipopita Ukuta wa Berlin, kwa michango ya Wajapani baada ya 1990, inapokuwa pinki tupu pale Bornholmer Straße.

Aprili: mwezi mzuri kuliko yote, na wa hila kuliko yote

Wafaransa wana msemo kwamba Aprili usivue hata uzi mmoja, Mei vaa upendavyo. Nauamini. Aprili inaweza kukupa jua la shati Jumatatu na mvua ya mawe Jumanne, mji uleule. Lakini ndiyo Aprili yenye maua, na kama unakwenda kwa ajili ya maua hakuna mjadala.

Bustani ya Keukenhof iko Lisse, kusini-magharibi ya Amsterdam. Inafunguliwa takriban wiki nane tu kwa mwaka, kuanzia karibu tarehe 20 Machi hadi karibu tarehe 10 Mei, na kila vuli hupandwa vitunguu vya maua (si vya kula, ndivyo tulipu huotea) vipatavyo milioni 7 kwenye hekta 32. Ukienda wiki ya kwanza utaona zaidi maua ya kutangulia, tulipu zikiwa ndani ya majengo ya vioo. Tulipu za nje, na hasa za mashambani, zinafikia kilele kuanzia katikati ya Aprili hadi siku za mwanzo za Mei.

Hapo kwenye mashamba ndipo wageni wengi wanapoumia. Mkulima wa Kiholanzi pale halimi ili auze ua. Anauza kitunguu chake. Ua likishachanua na yeye akashakagua kama lina ugonjwa, anapitisha mashine na kukata vichwa vyote ili nguvu irudi chini. Shamba lililokuwa jekundu asubuhi, jioni ni majani matupu, na vichwa vimelala kati ya matuta. Kwa hiyo picha uliyoiona ya tarehe fulani mwaka jana si ahadi. Ndani ya Keukenhof hawakati namna hiyo, wamepanda kwa matabaka ili maua yapokezane, kwa hiyo mwenye siku moja tu aende bustanini na mashamba ayahesabu kuwa nyongeza.

Kwa Mkenya wa Naivasha au mtu wa mashamba ya maua ya Arusha, ningeongeza Aalsmeer, karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, kwenye mnada wa maua wa Royal FloraHolland. Unaamka alfajiri na kuona waridi zilizokatwa kwetu zikipita kwenye vitoroli. Nadhani kila aliyewahi kufanya kazi kwenye banda la waridi anastahili kuona zinakofikia.

Epuka Amsterdam tarehe 27 Aprili, Siku ya Mfalme, isipokuwa umeifuata yenyewe. Mji mzima unavaa rangi ya chungwa, watu wanauza vitu vyao vya zamani barabarani, boti zinajaza mifereji, na tramu hazipiti katikati ya mji. Raha ipo, ila hoteli ni ghali na makumbusho hutayafurahia.

Kisha kuna Pasaka, na hii ndiyo inayovuruga hesabu za Aprili kila mwaka, kwa sababu inahama kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi. Mwaka 2028 ni tarehe 16 Aprili. Shule nyingi za Ulaya hufunga karibu na Pasaka, bei zinapanda, treni zinajaa. Sevilla ina wiki mbili za kuogopwa: Wiki Takatifu yenyewe, yenye maandamano ya vyama vya kidini usiku kucha, na Feria, sherehe kubwa ya mji, ambayo kwa kawaida huja wiki mbili baada ya Pasaka. Feria inapendeza kwa macho, farasi na magauni ya madoa, lakini vibanda vingi ni vya familia na makampuni. Bila mwenyeji wa kukualika utaishia kwenye vile vichache vya umma.

Kwa Wakatoliki nageuza ushauri wangu. Pasaka ya Roma, pamoja na msongamano wake wote, ni jambo ambalo mtu anaweza kuliota maisha yake yote. Tiketi za misa za Papa na za mkutano wake wa Jumatano ni bure, huombwa mapema Vatikani, na yeyote anayekuuzia anakuibia. Ukimpeleka mama au bibi, chukua hoteli ya kutembea kwa miguu hadi Uwanja wa Mtakatifu Petro hata kama ni ndogo, kwa kuwa siku hiyo mabasi hayaaminiki.

Wapenzi wa mpira nao wafikirie Aprili. Mwishoni mwa Machi ligi husimama kupisha mechi za timu za taifa, na Mei ikifika mwishoni ligi zimekwisha. Ila usikate tiketi ya ndege ya kuondoka siku ileile ya mechi, maana tarehe za mechi husogezwa kwa ajili ya televisheni. Na kumbuka London na Manchester hazimo Schengen. Uingereza ina viza yake. Aprili hiyohiyo London kuna mbio za marathoni, zile ambazo marehemu Kelvin Kiptum alizishinda mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 25. Kusimama pembeni ya barabara na bendera ya Kenya hakulipiwi.

Mei: nenda Paris na kaskazini, ila chunga sikukuu

Mtu akinilazimisha nitaje mwezi mmoja kwa asiyewahi kwenda kabisa, nitasema Mei, wiki ya pili na ya tatu. Baridi imevunjika, miti ina majani, usiku unachelewa, na umati wa kiangazi haujafika. Paris, Berlin, Prague, Copenhagen, Stockholm, zote zinakuwa katika ubora wake. Ujerumani ni msimu wa mboga ya asparaga nyeupe, unaoisha tarehe 24 Juni, na kila mgahawa unaiandika ubaoni. Ile na siagi na viazi ni chakula ambacho hata mtu wa ugali atakisifu.

Tatizo la Mei ni sikukuu. Ufaransa ina tarehe 1 na 8 Mei, kisha Kupaa kwa Bwana siku ya Alhamisi, kisha Jumatatu ya Pentekoste, ambayo miaka mingi nayo inaangukia Mei. Wafaransa huunganisha Ijumaa na Alhamisi hiyo wakapata siku nne, na treni za kutoka Paris zinajaa. Tarehe 1 Mei Louvre imefungwa, maduka mengi pia. Jumanne zote Louvre hufungwa hata hivyo. Kinachobaki siku hiyo ni barabara yenyewe: kila kona kuna mtu na ndoo ya muguet, viua vyeupe vidogo kama kengele, ambavyo kwa desturi siku hiyo hata mtoto anaruhusiwa kuviuza. Uholanzi tarehe 4 Mei saa mbili kamili usiku nchi nzima hukaa kimya dakika mbili kwa waliokufa vitani, hata tramu husimama. Ukiwa Amsterdam, simama nao.

Usidanganyike pia kwamba Mei haina baridi. Wakulima wa Ujerumani na Ucheki hungoja zipite siku za kati ya tarehe 11 na 15 Mei kabla ya kupanda mimea laini nje, kwa sababu baridi kali inaweza kurudi. Sweta moja la maana lisitoke begini.

Lisbon nimeiacha nje ya kanuni makusudi, kwa sababu inafaa miezi yote mitatu, bahari inaipoza. Ila mwishoni mwa Mei jakaranda zake zinaanza kuchanua, zambarau ileile ya Nairobi ya Oktoba, na Mkenya atajisikia nyumbani.

Mwenye pumu au aleji

Hili halizungumzwi vya kutosha. Chavua ya miti ya birch hujaa hewani Ujerumani na nchi za kaskazini hasa Aprili na Mei, na mtu ambaye hajawahi kuugua mafua ya chavua nyumbani hana namna ya kujua mwili wake utasemaje. Mwenye pumu asafiri na dawa zake kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari, na kama anaweza kuchagua, Machi ya kusini itamwepusha na chavua hiyo ya birch.

Viza inaanza kabla ya mwezi

Maombi ya viza ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Jibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, ila linaweza kufika siku 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Anayetaka Machi basi anahangaika na taarifa za benki na miadi Desemba na Januari, katikati ya Krismasi na ada za shule. Anayetaka Mei anaweza kupeleka makaratasi Februari akiwa ametulia.

Kwa mwaka 2027 Pasaka inawahi, na hilo linabadilisha mambo: msongamano utakuwa wiki za mwisho za Machi na mwanzo wa Aprili, na katikati ya Aprili miji mingi huenda ikawa na nafasi zaidi. Kwa Uholanzi ningechukua tarehe 12 hadi 23 Aprili, tulipu ziko juu na Siku ya Mfalme bado. Kwa Sevilla ningekwenda kati ya tarehe 11 na 19 Machi, baada ya Idi na kabla ya Jumapili ya Matawi. Kwa Paris ningesubiri tarehe 18 Mei, siku inayofuata Jumatatu ya Pentekoste. Ni Jumanne, Louvre imefungwa, kwa hiyo siku ya kwanza ni ya kutembea mtoni.